Metali nzito shambani: kwa nini kiasi kilichomo udongoni hakitoshi kueleza hatari

Mwezi Aprili 2025 jarida la kisayansi la Science lilichapisha utafiti uliokadiria kwamba kati ya asilimia 14 na 17 ya ardhi ya kilimo duniani ina angalau metali moja yenye sumu iliyovuka kiwango cha usalama. Takwimu hiyo ilienea haraka, na maswali yakaenea pamoja nayo, yaleyale yanayozuka kila zinapotoka habari za mchele au mboga zilizokutwa na risasi, kadimi au aseniki. Je, shamba likishapimwa na kukutwa na metali hizo, kila kinachoota humo ni sumu? Sumu hiyo haiozi ikaisha? Mvua haiioshi? Na ikiwa mashamba mawili yana kiasi kilekile cha kadimi, inakuwaje mazao ya shamba moja yapite kwenye kipimo na ya jingine yakataliwe?

Swali hilo la mwisho ndilo linalofungua mengine yote, na ndilo linaloulizwa kwa nadra. Jibu lake ni kwamba metali haikai udongoni katika hali moja. Huenda imeyeyuka majini, imenata juu ya chembe za mfinyanzi, imefungwa ndani ya kutu ya chuma, imeshikwa na mboji, au imo ndani kabisa ya jiwe ambako mzizi hautaifikia kamwe. Tena huhama kutoka hali moja hadi nyingine kadiri udongo unavyochacha, unavyofurika, unavyokauka na unavyolimwa. Anayetaka kujua hatari ya shamba lake hana budi kuuliza metali imo katika hali gani na inaelekea wapi, baada ya kuuliza ni kiasi gani.

Tuanze na majina. Metali nzito, kwa maelezo ya kawaida, ni zile ambazo sentimita moja ya ujazo ina uzito unaozidi gramu 5, yaani zaidi ya mara tano ya uzito wa maji ya ujazo huohuo. Katika mazungumzo ya udongo zinazotajwa zaidi ni kadimi, risasi, zebaki, kromi, nikeli, shaba na zinki. Aseniki imo mpakani kati ya metali na visivyo metali, lakini huwekwa katika kundi hili kwa sababu madhara yake yanafanana. Watu wengi husema "madini mazito", na wanaeleweka, ila katika makala haya nitalitumia neno madini kwa maana ya vijiwe vyenyewe vinavyojenga udongo, kwa sababu tofauti kati ya metali iliyomo ndani ya kijiwe na ile iliyo nje yake ndiyo kiini cha mada.

Si zote ni adui. Zinki na shaba ni virutubisho. Mmea na mwanadamu huugua vikikosekana, na huugua pia vikizidi. Kadimi, risasi na zebaki hazina faida yoyote inayojulikana kwa mwili wa binadamu. Hata hivyo zote kwa kiasi kidogo zimo katika udongo wa kila mahali, hata pale ambapo hakuna kiwanda wala mbolea iliyowahi kufika, kwa kuwa zilikuwamo ndani ya mwamba uliosagika ukawa udongo. Vipimo vyake huandikwa kwa miligramu kwa kilo, ambayo ni sehemu moja katika milioni: karibu sawa na punje moja ya mchele ndani ya gunia la kilo 20 hivi. Kwa hiyo mtu akisema udongo wake "umekutwa na kadimi", bado hajasema jambo lolote la kutisha. Udongo usiochafuliwa kwa kawaida una kadimi kati ya miligramu 0.1 na 0.5 kwa kilo.

Juu ya akiba hiyo ya asili binadamu huongeza yake. Kuna vumbi na maji ya migodi, moshi wa viwanda vya kuyeyushia metali, tope la maji taka linalotumiwa kama mbolea, samadi ya mifugo inayolishwa vyakula vilivyoongezwa shaba na zinki, na dawa za ukungu zenye shaba ambazo mashamba ya mizabibu ya Ufaransa yamekuwa yakipuliziwa tangu miaka ya 1880. Kuna pia risasi iliyotoka katika petroli. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli ya magari yenye risasi iliacha mwaka 2021, lakini risasi iliyokwisha kutua mashambani na kandokando ya barabara bado ipo palepale.

Mbolea ya fosfati inastahili hesabu yake, kwa sababu ndiyo inayozungumzwa kwa hofu nyingi na kwa namba chache. Miamba ya fosfati iliyotokana na mashapo ya bahari za kale huwa na kadimi nyingi kuliko ile iliyotokana na uji wa moto wa volkano. Kanuni ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Julai 2022, inaweka ukomo wa miligramu 60 za kadimi kwa kila kilo ya fosfati inayohesabiwa kama P2O5, kipimo kilekile kinachoandikwa kwenye mifuko. Tuseme mkulima anaweka kilo 50 za P2O5 kwa hekta kila mwaka, na mbolea yake imefikia ukomo huo. Kila mwaka ataingiza gramu 3 za kadimi katika hekta moja. Tabaka la juu la hekta hiyo, lenye kina cha sentimita 20, lina uzito wa takriban tani 2,600, hivyo gramu hizo 3 zitapandisha kipimo cha udongo kwa miligramu 0.0012 tu kwa kilo. Ni kidogo mno kuonekana katika msimu mmoja. Lakini baada ya miaka 100 itakuwa miligramu 0.12, na udongo ulioanza na 0.1 utakuwa umezidisha mara mbili akiba yake ya kadimi. Huo ndio ukweli wa mbolea: aliyeitumia jana hajajitia sumu, na vilevile hakuna anayeweza kusema kwamba haiongezi kitu.

Fedha za mfukoni na fedha za kwenye zege

Mfikirie mtu anayesemekana kuwa na shilingi milioni kumi. Sehemu ndogo imo mfukoni mwake, nyingine imo sandukuni penye kufuli, nyingine imo ndani ya kibubu ambacho hakifunguki mpaka kivunjwe, nyingine amemwekea jirani amana, na sehemu kubwa kabisa ameimwaga katika msingi wa nyumba, imekuwa zege. Mali yake ni milioni kumi kweli, lakini anachoweza kukitumia leo sokoni ni kile cha mfukoni tu.

Metali udongoni iko hivyohivyo. Ya mfukoni ni ile iliyoyeyuka katika maji ya udongo, pamoja na ile iliyonata kidogo juu ya chembe za mfinyanzi na mboji, ambayo ioni nyingine (chembe ndogo mno yenye chaji ya umeme) kama ya kalsiamu au magnesi ikipita huichukulia nafasi na kuiachia. Hii ndiyo mizizi huinywa. Ya sandukuni ni ile iliyofungwa pamoja na chokaa, na ufunguo wake ni asidi. Ya kwenye kibubu ni ile iliyozongwa ndani ya oksidi za chuma na manganizi, yaani kutu inayoupa udongo rangi nyekundu au kahawia. Kibubu hicho huvunjika udongo unapokosa hewa. Ya amana imeshikwa na mboji au imeungana na salfa, na hurudi mboji inapooza au salfa inapokutana na hewa. Ya zege imo ndani ya madini ya mwamba wenyewe. Mizizi haiipati, na msimu wa mvua haubadilishi kitu. Hutoka kwa kasi ya kuchakaa kwa mawe, jambo la karne nyingi.

Kuna mfano wa kweli unaoonyesha umuhimu wa mgawanyo huu kuliko maelezo yoyote. Shipham ni kijiji cha Uingereza kilichojengwa juu ya machimbo ya kale ya zinki. Bustani zake zilipopimwa mwishoni mwa miaka ya 1970 zilikutwa na kadimi ya makumi ya miligramu kwa kilo, na baadhi ya sehemu mamia. Watu walishtuka, wakazi wakafanyiwa uchunguzi wa afya, na haukuonyesha madhara makubwa yaliyokuwa yakihofiwa. Kwenye bonde la mto Jinzu nchini Japani, mashamba ya mpunga yaliyomwagiliwa maji yaliyobeba taka za mgodi wa Kamioka yalikuwa na kadimi ya miligramu chache tu kwa kilo. Huko, hasa wanawake wenye umri mkubwa walipata ugonjwa wa figo na mifupa, mifupa ikavunjika kwa kugeuka tu kitandani. Ugonjwa huo uliitwa itai-itai, maneno ya Kijapani ya mtu anayelia kwa maumivu, na mwaka 1968 serikali ya Japani ilitamka rasmi kwamba chanzo chake ni kadimi.

Inakuwaje penye mamia pakawa afadhali kuliko penye machache? Udongo wa Shipham una chokaa tele na zinki nyingi sana, na mambo hayo mawili huizuia kadimi isiingie kwenye mmea. Tena wakazi walikula mboga za bustani zao kama sehemu tu ya chakula chao. Jinzu mpunga ulilimwa katika udongo uliofurishwa kisha ukakaushwa, na wali wa shamba hilohilo ulikuwa chakula cha kila siku cha maisha yote. Anayesoma namba ya jumla peke yake angepeleka madaktari wote Shipham.

Jinsi ya kuhesabu yaliyomo katika kila mfuko

Mwaka 1979 watafiti watatu wa Kanada, Tessier, Campbell na Bisson, walichapisha njia ya kupima mgawanyo huu, ambayo pamoja na kasoro zake imekuwa msingi wa maelfu ya tafiti zilizofuata. Waliibuni kwa ajili ya matope ya mtoni, kisha wanasayansi wa udongo wakaichukua. Wazo lake ni rahisi: udongo uleule unaoshwa mara tano, kila mara kwa dawa kali kuliko iliyotangulia, na kila mara kinachotoka hupimwa.

Gramu moja ya udongo uliokaushwa na kuchekechwa hutiwa katika kichupa, ikamiminiwa mililita 8 za maji ya kloridi ya magnesi, ikatikiswa kwa saa moja. Kichupa huzungushwa kwa mashine kwa kasi mpaka udongo utuame, maji ya juu yanayong'aa yanachukuliwa kupimwa, na udongo uliobaki chini unaendelea. Hayo maji ya kwanza ndiyo hesabu ya mfukoni. Kisha hutiwa asidi hafifu inayoyeyusha chokaa. Halafu dawa inayoondoa oksijeni kwenye kutu, kwa joto la nyuzi 96, kwa saa sita. Hapo udongo uliokuwa mwekundu hupauka mbele ya macho, kwa maana kutu yake imeondoka na kibubu kimevunjwa. Baadaye maji ya peroksidi na asidi ya naitriki huunguza mboji, yakichemka kwa mapovu. Kilichobaki, ambacho sasa ni mchanga na vijiwe vilivyokaidi, huyeyushwa kwa mchanganyiko mkali kuliko dawa zote zilizotangulia, wenye asidi ile inayokula hata kioo.

Baadaye Ulaya ilitengeneza mfumo mfupi wa hatua tatu pamoja na sampuli ya mfano ambayo maabara zote hulinganisha nayo majibu yao, kwa sababu maabara mbili zilizofuata hatua zilezile zilikuwa zikipata namba zinazotofautiana. Ni vyema msomaji ajue udhaifu wa njia hizi. Metali iliyotolewa katika hatua ya pili inaweza kunata tena kwenye kutu kabla maji hayajachukuliwa, ikahesabiwa katika hatua ya tatu. Na jina "iliyofungwa na chokaa" kwa kweli lina maana ya "iliyotoka tulipotia asidi hafifu". Kwa maoni yangu jibu la maabara linalotoa mafungu matano bila kuonyesha kwamba jumla yake inakaribiana na kipimo cha jumla kilichofanywa kando halifai kutegemewa, hata likiwa na michoro mizuri kiasi gani.

Mkulima anayetaka jibu moja tu la haraka hupimiwa kwa dawa moja, kama vile kloridi ya kalsiamu iliyochanganywa hafifu, inayoiga maji ya udongo, au DTPA, dawa ya kukamata metali ambayo njia yake ilichapishwa mwaka 1978 ili kupima upungufu wa zinki, chuma, manganizi na shaba ambayo sasa hutumika pia kwa kadimi. Kipimo cha namna hii husema kilichomo mfukoni leo. Hakisemi kibubu kina nini, wala nani anakaribia kukivunja.

Mambo yanayofungua kufuli

Kufuli la kwanza na lenye nguvu ni uchachu wa udongo. Kipimo cha pH hupanda na kushuka kwa mara kumi: udongo wa pH 5 una uchachu mara 100 ya ule wa pH 7. Udongo unapochacha, kwa mvua nyingi au kwa mbolea za amonia zilizowekwa miaka mingi bila chokaa, chembe za mfinyanzi na kutu huachia kadimi, zinki na nikeli. Ndiyo maana shamba ambalo halijaongezewa hata gramu moja ya metali linaweza kuanza kutoa mazao yenye kadimi nyingi kuliko miaka kumi iliyopita. Hakuna kilichoingia, kilichokuwa kimefungwa kimefunguka. Chokaa hurudisha kufuli, lakini haidumu milele, kwa kuwa uchachu ukirejea metali ipo, inasubiri. Na si metali zote hutii sheria hii. Aseniki, ambayo udongoni hutembea ikiwa na chaji hasi, aghalabu hulegea zaidi pH inapopanda, hivyo chokaa iliyowekwa kwa ajili ya kadimi inaweza kuiachilia aseniki.

Kufuli la pili ni hewa, na hakuna mahali linapoonekana waziwazi kama katika jaruba la mpunga. Maji yakishatuama, oksijeni iliyobaki udongoni huisha ndani ya siku chache. Bakteria, ambao nao lazima wapumue, huanza kutumia naitreti, kisha manganizi, kisha kutu ya chuma, na mwishowe salfeti. Wanapoitumia kutu huiyeyusha, na aseniki iliyokuwa imezongwa humo huingia majini katika umbo ambalo mizizi ya mpunga huliingiza kwa njia ileile inayoingizia silika, kitu kinachojenga mchanga. Udongo hugeuka kijivu, hata mweusi, na ukiuchimba unatoa harufu ya yai bovu. Harufu hiyo ni salfa, na salfa hiyo huishika kadimi ikawa kitu kisichoyeyuka. Ng'oa shina la mpunga wakati huo uisuuze mizizi yake: utaikuta imevaa ganda la rangi ya matofali. Mizizi hiyo huvujisha oksijeni kidogo kutoka kwenye majani, oksijeni hiyo ikakigeuza chuma kilichoyeyuka kuwa kutu tena, na ganda hilo hunasa sehemu ya aseniki kabla haijaingia.

Maji yanapofunguliwa ili shamba likauke kwa ajili ya mavuno, mambo hupinduka. Kutu hurudi na kuikamata aseniki, lakini salfa ikikutana na hewa hugeuka kuwa asidi na kuiachia kadimi, na huo ndio wakati ambao punje zinajaza. Kwa hiyo mpunga uliozama msimu mzima huelekea kuwa na aseniki, na uliokaushwa mapema huelekea kuwa na kadimi. Huko Japani wakulima wa maeneo yenye kadimi hushauriwa kuacha maji shambani kwa wiki tatu kabla na wiki tatu baada ya masuke kutoka. Penye metali zote mbili mkulima hana budi kuchagua siku za kukausha kwa uangalifu mkubwa, na ukomo wa Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, unambana pande zote: miligramu 0.4 za kadimi na miligramu 0.2 za aseniki isiyo ya kikaboni kwa kilo ya mchele uliokobolewa.

Hali hiyohiyo ya ukosefu wa hewa huwawezesha bakteria fulani kuigeuza zebaki ya kawaida kuwa methili-zebaki, umbo linalodhuru ubongo na mishipa ya fahamu, lililojulikana duniani kwa msiba wa Minamata uliotambuliwa mwaka 1956. Minamata sumu ilipitia samaki. Katika majaruba yaliyo karibu na machimbo ya zebaki hupitia mchele. Kromi nayo ina nyuso mbili. Ile inayoitwa kromi tatu hukaa ilipo na haina makali, ile ya kromi sita huyeyuka, hutembea na husababisha saratani. Mboji huigeuza ya sita kuwa ya tatu, na oksidi za manganizi huweza kuirudisha.

Chumvi pia hufungua, ingawa husahaulika. Maji ya kumwagilia yenye kloridi nyingi huungana na kadimi na kuivuta kutoka kwenye mfinyanzi, hivyo viazi vinavyomwagiliwa maji ya chumvichumvi huweza kuwa na kadimi nyingi hata kama udongo wake ni wa kawaida. Muda hufanya kazi kinyume: metali iliyomwagwa leo huwa legevu, kisha kwa wiki, miezi na miaka hupenya ndani ya vitundu vya kutu na mfinyanzi ikashikwa zaidi. Hii ndiyo sababu majaribio ya chungu yaliyotiwa metali asubuhi na kupandwa mchicha wiki hiyohiyo huikuza kupita kiasi hatari ya shamba la miaka hamsini.

Zinavyohama

Wengi huamini kwamba metali huzama na mvua mpaka zikapotea. Baadhi hushuka kweli, hasa kadimi na zinki katika udongo wa kichanga uliochacha, au zikibebwa na mboji iliyoyeyuka kupitia nyufa na mashimo ya minyoo hadi kwenye maji ya chini. Risasi karibu haishuki kabisa. Pasipolimwa hukaa katika sentimita chache za juu. Mwelekeo mkubwa zaidi wa safari zao ni wa kando. Mvua inayotiririka huchukua kwanza chembe laini za mfinyanzi na mboji, ambazo ndizo zilizobeba metali nyingi, kwa hiyo tope linalofika bondeni huwa na metali nyingi kwa kilo kuliko shamba lililotoka. Jembe husambaza ya juu katika tabaka lote linalolimwa, kipimo kikashuka bila hata gramu moja kuondoka. Miti yenye mizizi mirefu hufanya kinyume: hunyonya metali chini na kuiangusha juu kwa majani yake. Ndiyo maana sampuli moja iliyochotwa katikati ya shamba haitoshi; inabidi kuchota juu ya mteremko na chini yake, kwa vina tofauti, na mahali pa jirani pasipowahi kulimwa kwa ajili ya kulinganisha.

Mavuno je, hayaondoi? Tufanye hesabu. Tani 4 za nafaka zenye miligramu 0.1 ya kadimi kwa kilo huondoa gramu 0.4 kwa hekta. Udongo wenye miligramu 0.3 kwa kilo unahifadhi gramu 780 katika tabaka lake la juu, yaani akiba ya mavuno karibu 2,000 ya namna hiyo. Hesabu hiyo hujibu pia matumaini ya mimea inayosafisha udongo. Ipo mimea ya ajabu kweli, kama kangaga aina ya Pteris vittata ambayo mwaka 2001 ilitangazwa kuwa hukusanya aseniki nyingi mno katika majani yake, lakini kwa shamba lililochafuka sana kazi hiyo huchukua miaka mingi, na majani yaliyovunwa yenyewe ni taka yenye sumu inayohitaji mahali pa kuwekwa.

Kuoza nako hakupo. Dawa ya wadudu ni molekuli, huvunjika. Kadimi ni elementi, haina cha kuvunjika. Katika shamba la majaribio la Woburn nchini Uingereza tope la maji taka liliwekwa kuanzia 1942 hadi 1961, na zaidi ya miaka ishirini baada ya kuacha, sehemu kubwa ya metali ilikuwa bado katika tabaka lililolimwa. Kilichogunduliwa humo kilinigusa zaidi ya namba zenyewe. Klova nyeupe, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, iliyopandwa katika vipande hivyo ilidumaa na kupauka, na sababu ilikuwa kwamba bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake na kuipatia naitrojeni walikuwa wametoweka kwa sehemu kubwa; waliobaki hawakuweza tena kuifanya kazi hiyo. Sumu iliwaua wadogo kabla ya kumgusa mkubwa.

Hapa kuna imani nyingine inayohitaji kusahihishwa, kwamba zao lililostawi ni salama. Shaba na zinki zikizidi mmea hunyauka kabla ya kumdhuru mlaji, na risasi kwa sehemu kubwa hukwama kwenye mizizi. Kadimi haina kizuizi hicho: mpunga au mboga ya majani inaweza kunawiri, ikapendeza kwa macho, huku ikiwa imevuka ukomo wa mlaji. Jikoni kunasaidia kwa baadhi tu. Risasi ya mboga nyingi ni vumbi na udongo ulionata nje, kwa hiyo kuosha vizuri na kumenya huipunguza. Aseniki ya mchele hupungua ukipikwa kwa maji mengi safi yakamwagwa. Kadimi imo ndani ya zao lenyewe, na moto hauigusi.

Katika bonde la Jinzu, baada ya miaka ya kesi na vipimo, iliamuliwa kwamba chokaa na maji havitoshi. Kazi ya kurekebisha mashamba ilianza mwaka 1979 na kukamilika 2012, katika eneo la zaidi ya hekta 800. Udongo wenye kadimi ulifunikwa au kuzikwa chini ya udongo safi, kina ambacho mizizi ya mpunga haifiki. Kadimi yote ile bado ipo chini ya majaruba hayo, na mpunga unaoota juu yake leo unaliwa.